Vumbi Jekundu Chini ya Kifuniko

Nani alikuwa akila biskuti za wateja? Swali hilo lilimkaa fundi cherehani kooni kama mwiba wa samaki kwa wiki kadhaa, na hadi Alhamisi hiyo hakuwa na jibu. Alikuwa na mshukiwa tu.

Mshukiwa ni wifi yake, dada wa mumewe, aliyeshona naye chumba kimoja kwa miaka saba, cherehani zao zikitazamana. Kopo la biskuti lilikaa nyuma ya majora ya vitambaa, kwa ajili ya wateja waliosubiri kujaribu nguo. Likijazwa asubuhi, alasiri yalibaki makombo.

"Wifi, leo naona huna njaa," fundi alimtupia.

"Ninayo. Chakula changu kimo mkobani. Unataka kukikagua?"

"Kwani mimi nimesema nini?"

Mzee mpiga pasi aliinua kichwa. "Mimi msinitazame. Kwa meno haya mawili, biskuti nitaipiga pasi kwanza ndipo imezeke!"

Fundi hakucheka. Alikwisha kata shauri: akimnasa wifi, atamwamuru ahamishe cherehani yake siku hiyo hiyo, undugu kando. Asubuhi alikuwa amesaga chaki nyekundu, ambayo hakuna aliyeitumia kwa sababu haitoki upesi nguoni, akapaka vumbi lake chini ya kifuniko cha kopo, kisha akanawa mikono. Sasa alivizia. Wifi aliponyanyuka kuchukua uzi, fundi alimkodolea macho vidoleni. Safi. Alipofuta jasho, safi vilevile. "Amenishtukia," fundi aliwaza. "Anafungulia kwa kitambaa."

Saa nne alimpigia simu binti yake, kama alivyofanya kila siku tangu wagombane na binti akahama, miezi miwili iliyopita. Simu iliita hadi ikakatika. Akapiga tena, na tena. Kisha akarudi kwenye pindo la sketi, au alidhani amerudi.

Saa tano alikwenda kulikagua kopo. Limefika nusu!

"Nyoosheni mikono, wote wawili!"

Mzee alinyoosha yake, yenye makovu ya pasi tu. Ya wifi ilikuwa myeupe kwa vumbi la pamba, bila hata chembe ya wekundu. Wifi aliiokota simu ya fundi mezani, akamgeuzia kioo chake.

"Na hii je?"

Juu ya jina la binti kulikuwa na alama nyekundu za kidole, moja juu ya nyingine, kama mshono uliorudiwa.

"Na mdomoni, wifi yangu."

Fundi aligeukia kioo cha wateja. Mdomo wake ulikuwa mwekundu kwa chaki.

"Naapa sikumbuki kula."

"Mimi nakuona tangu mtoto ahame. Asipopokea, unakwenda nyuma ya majora. Ningekwambiaje, nawe unanitazama kama mwizi?"

Fundi alijishika tumbo, akalisikiliza. Halikuwa na njaa. Kilichokuwa kikimsokota kilikuwa juu zaidi, kifuani, na biskuti nusu kopo hazikukifikia.

Alilichukua kopo, akaliweka katikati ya cherehani mbili.

"Wifi, nilipanga kukufukuza. Nisamehe. Kopo litakaa hapa, mbele ya macho yetu. Siku binti yangu asipopokea, nitawaambia ninyi wawili kwamba imeniuma, kabla sijagusa kitu. Na leo saa tisa nafunga kazi. Nakwenda kwake kumwomba radhi."