Elikia Hataki Kuoga

Nianze na jambo moja ili msinihurumie bure: yote yaliisha vizuri. Nilijifungua salama, mtoto analia inavyopaswa, na dada yake amelala hapa kando yangu akiwa msafi tangu utosini hadi nyayoni. Waliotuona wiki zile za mwisho wanajua kwa nini neno "msafi" nalitamka polepole, nikilionja.

Jina langu Nzigire. Tunakaa Kamembe, karibu na uwanja wa ndege, na tumbo lilipokuwa bado dogo nilivuka daraja la mpakani karibu kila siku kupeleka nyanya Bukavu, upande wa Kongo. Wanawake wengi wa mtaa wetu wanakula kwa daraja lile. Unapeleka nyanya, vitunguu, karoti; unarudi na vitenge, sabuni, viatu vya watoto. Kazi yoyote ina miiko yake, na mwiko wetu ni kwamba mzigo ukishavuka haurudi. Hata kama soko limelala, uza kwa hasara, gawa bure ukitaka, lakini usirudi darajani na nyanya zako zilezile, maana anayerudisha mzigo anarudisha mkosi nyumbani. Elikia, binti yangu, aliushika mwiko huo kabla hajaota meno yote. Alikuwa akiniaga asubuhi kwa kupiga kelele mlangoni: "Chenye kimevuka hakirudiake!" Majirani walikuwa wanacheka, nami najivuna.

Kabla ya kuvuka tulikuwa tunachagua nyanya uani, mimi na yeye. Ngumu na safi zinaingia kikapuni, zinakwenda Bukavu. Zilizopondeka zinabaki, hizo ndizo za chungu chetu. Elikia ana miaka mitano, lakini jicho lake kwa nyanya ni la mtu mzima, na nikijaribu kupenyeza moja yenye doa ananirudishia mkononi mbele ya watu.

Mimba ilipokuwa kubwa muuguzi alinikataza kuvuka. Nilinuna, kwa sababu mimi kukaa nyumbani kunanitia maradhi. Mume wangu Bruno ni mwashi, na kazi ilikuwa imempeleka Nyakabuye, anarudi Jumamosi tu akiwa na saruji hadi kwenye nyusi. Basi nyumbani tulikuwa Elikia, mimi, na miguu yangu iliyovimba mpaka kandambili zikanikataa.

Siku moja alikuja mamamkwe wangu, M'Bashige, anayeuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, sokoni kule Bukavu. Ni mwanamke mkavu, hacheki ovyo, na akikaa kwenye kiti changu mimi najikuta nimesimama. Elikia alimpanda bibi yake mapajani akamuuliza, "Koko, bebe atatoka wapi?"

Kwetu mtoto haambiwi habari za tumbo. M'Bashige hakusita hata kidogo. "Tutamuleta kutoka Bukavu," alisema, akaendelea kula.

Kusema kweli jibu lilinipendeza. Kila kitu kizuri nyumbani mwetu kimetoka Bukavu: sufuria, pazia, hata redio ya Bruno. Mtoto naye akashuka mapajani akaenda zake kucheza, kumbe kichwani alikuwa na hesabu yake.

Jioni ileile mimi na M'Bashige tulikubaliana. Bruno yuko mbali, mimi nitakuwa hospitali, na M'Bashige hawezi kuacha meza yake sokoni, kwa kuwa meza ukiiacha mwenzako anaikalia. Basi Elikia ataenda kukaa kwa Koko wake hadi nipate nguvu. Ndivyo watu wengi wanavyofanya. Nilimwita binti yangu nikamwambia kwa sauti ya sukari: "Utaenda Bukavu kukaa kwa Koko. Kiisha bebe atakuja hapa."

Alinitazama. Akauliza, "Miye ninaenda, bebe anakuja?"

"Njo vile," nikasema, nikafurahi jinsi alivyoelewa haraka.

Tangu siku ile Elikia alikataa kuoga.

Mwanzoni nilidhani ni baridi ya maji. Nikapasha maji. Akakimbilia nyuma ya choo. Nikamkamata, nikamsugua, nikampaka mafuta, na kabla sijamwaga maji machafu alikuwa amekaa kwenye majivu ya jiko. Kesho yake alijipaka masizi ya sufuria usoni. Nikampeleka kusukwa nywele kwa jirani yetu Nyiraneza, kazi ya mchana mzima. Akazikata upande mmoja kwa mkasi wa Zulaikha, ule wa kukatia vitambaa. Zulaikha ni fundi wa kushona, mlango wake unatazamana na wangu, na mkasi wake hata mumewe Ridhwani haruhusiwi kuugusa. Nilitegemea apige kelele mtaa mzima usikie. Yeye aliuchukua mkasi, akamtazama mtoto, akanambia, "Mama Elikia, wallahi huyu hana utundu. Huyu anaogopa kitu."

"Anaogopa sabuni," nikamjibu. Mimi nikiwa na hasira huwa sisikii la mtu.

Wengine wote walisema ni wivu. Mtoto akihisi mdogo wake yuko njiani anaharibika, ndivyo walivyosema, kila mmoja na dawa yake. Mpe yai. Mchape. Mfungie mwanasesere mgongoni azoee kubeba. Nilimshonea mwanasesere wa matambara nikamfunga mgongoni. Elikia akamfungua, akamlaza kitandani kwangu, akamfunika vizuri, kisha akatoka kwenda kugaragara kwenye tope. Sasa huo ni wivu gani? Swali hilo lilinijia, lakini nikalifukuza, nina nguo za kufua.

Hasira ilikuwa juujuu tu. Chini yake nilikuwa na hofu, na ngoja niiseme jinsi ilivyokuwa: niliogopa kwamba nazaa mtoto ambaye dada yake ameshamchukia. Mimi na dada yangu hatujaongea vizuri tangu utoto na hakuna anayejua sababu. Sikutaka hilo liingie chini ya paa langu. Kila nilipomwona binti yangu na uso wa masizi, niliona uadui unaanza, na mimi siwezi hata kuinama kuuokota.

Siku ya safari ilifika. M'Bashige alikuja asubuhi kumchukua. Nilikuwa nimejiandaa kama askari. Elikia nilimwogesha kwa nguvu, Zulaikha ameshika miguu, mimi nimeshika kichwa. Alilia hadi sauti ikaisha. Nikamvisha gauni jipya la njano ambalo Zulaikha alilishona kwa kitambaa kilichobaki, nikampaka mafuta akang'aa, nikamsimamisha mlangoni.

"Aa, mutoto muzuri!" M'Bashige akasema, na kwake yeye hizo ni sifa za mwaka mzima. "Batu ba Bukavu batafurahi."

Elikia aliposikia hivyo alipiga yowe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na uani kulikuwa na dimbwi pale tunapomwagia maji ya vyombo. Alilikimbilia. Hakuanguka, jamani, alijitupa. Akajibingirisha na gauni la njano, akajipaka tope mashavuni kwa mikono miwili, akajikwaruza goti kwenye jiwe kwa makusudi hadi damu ikatoka.

Nilimfuata na tumbo langu mbele. Mkono nilishauinua. Sitaficha, ungeshuka.

"Nimepondeka!" alilia. "Maman, angalia, nimepondeka! Nimepondeka huku na huku! Zenye kupondeka zinabakiaka!"

Mkono ukabaki hewani.

M'Bashige alikuja nyuma yangu. "Iko anasema nini huyu?"

"Maman unaendaka na nyanya, unarudiaka na bitenge," Elikia alisema kwa kwikwi, akimwonyesha Koko wake goti lenye damu, mfano wa mtu anayeonyesha kasoro ya bidhaa. "Koko anasema bebe iko ku Bukavu. Maman anasema miye naenda, bebe anakuja. Na chenye kimevuka hakirudiake. Koko, usinibebe. Bebe akuje tu bure, miye nikae. Batu ba kule hawatanitaka, nimepondeka."

Wahenga walisema njia ya mwongo fupi. Yetu iliishia palepale kwenye dimbwi la maji ya vyombo. Zulaikha aliweka mkono mdomoni. Mimi nilikaa chini topeni, na mwanamke mwenye mimba ya siku za mwisho akikaa chini haamki bila msaada, kwa hiyo nilijua nitakuwa pale kwa muda. Nililia mbele ya wote. Nililia kwa uchungu wa yale aliyoyabeba peke yake wakati mimi nampasha maji, na katikati ya kulia nikasikia kitu kikubwa kinaniondoka kifuani. Hakumchukia mtoto. Siku zote hizo hakumchukia hata kidogo. Alimlaza kitandani kwangu na kumfunika, akijua ni yeye atakayeondoka.

"Kuja," nikamwambia. Nilichukua mkono wake wenye tope nikauweka tumboni.

M'Bashige alikohoa kikohozi cha onyo. Mambo haya hayasemwi.

"Maman, leo nitasema," nikamwambia mamamkwe wangu, na sijui nguvu hiyo niliipata wapi. Nikamgeukia mtoto. "Bebe haiko ku Bukavu. Iko humu. Sikia."

Mtoto wa tumboni hakunitia aibu. Alipiga teke moja la haja. Elikia akarudisha mkono haraka.

"Ananipiga!"

"Anakusalimia."

Akaweka sikio. Tope lilikuwa linamkaukia usoni. "Aliingia na wapi?"

"Hiyo nitakuambia ukikomaa," nikajibu, kwa sababu ukweli nao una awamu zake. "Na weye pia ulitokaka humu."

"Miye? Siyo ku Bukavu?"

"Humu humu."

"Na hakuna mwenye alienda ili miye nikuje?"

"Hakuna. Mutoto habadilishwake na mutoto, Elikia. Hata mara moja."

Akamgeukia Koko wake kupata uhakika, kwa maana Koko ndiye aliyesema neno la kwanza. Nikamtazama M'Bashige nikitegemea ukali. Uso wake ulikuwa umelegea kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Akakusanya kitenge chake, akachuchumaa na magoti yake mabovu mpaka akalingana na mjukuu.

"Koko njo alisema uongo," akasema. "Maman yako anasema kweli."

Kisha akasimama, akafungua furushi alilokuja nalo la kubebea nguo za mtoto, akaniuliza chumba chetu cha pili kina nafasi ya mkeka. Nilimkumbusha meza yake ya sokoni. "Meza ni mbao," alinijibu. "Ninabakia hapa. Na munipatie maji ya moto, huyu mutoto ananuka."

Elikia alienda kuoga mwenyewe. Tulimsikia akiimba bafuni, na M'Bashige akimwambia asimalize sabuni.

Siku zilizobaki zilikuwa tamu. Kila asubuhi Elikia alinijia kitandani kumpa bebe habari akiwa tumboni: leo kuna jua, Papa anarudi kesho, Koko amekataa kutia chumvi. Nilikuwa bado nimevimba, bado nina kiungulia, lakini nilikuwa nalala kama gunia. Sikujua hofu ina uzito kiasi kile mpaka ilipotua.

Uchungu ulinishika mchana, tunachambua maharage. Elikia ndiye aliyevuka njia mbio kumwita Zulaikha. Ridhwani akaleta gari la rafiki yake, M'Bashige akapanda nami. Elikia alisimama kwenye dirisha la gari ameshika mkono wa Zulaikha.

"Utarudia?" akaniuliza.

"Nitarudia."

"Na bebe?"

"Na bebe."

Alifikiri. "Basi, enda," akasema. Nikaenda nimepewa ruhusa.

Ni mtoto wa kiume, mnene, mwenye paji la Bruno. Tulipomleta nyumbani Elikia alimsogelea. Alinusa kichwa chake, akahesabu vidole, akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameridhika, jicho lake lile lile la mtu mzima. Akaenda kunawa mikono na kurudi kumshika vizuri.

Leo wamekuja wenzangu wa darajani kumwona, wamenijaa chumbani na uji na vifurushi na kelele. Nyiramahoro, ambaye utani wake haujui mahali wala siku, alimnyanyua mtoto juu akamwambia Elikia: "Huyu ni muzuri sana. Nipatie nimupeleke Bukavu, nikuletee mwengine."

Zulaikha alikuwa amewasimulia wote, na Nyiramahoro mwenyewe akaonekana kutaka kuumeza ulimi wake. Mimi nilishaanza kuinuka.

Elikia hakulia. Alipanda kitandani, akanyoosha mikono yote miwili mpaka akarudishiwa mdogo wake, akampakata mapajani na kichwa chake amekishika kama nilivyomfundisha.

"Huyu haende," alimwambia. "Ni wetu."

Alimrekebishia kitambaa shingoni, akawaangalia wale wanawake wote, mmoja baada ya mwingine, kuhakikisha wamesikia.

"Na miye niko wetu," akasema.