Sakafu ya Mfenesi

Siku ya kuchagua mbao, Mwanaheri alivua kandambili mlangoni akaingia sebuleni mwake pekupeku. Nyumba ilikuwa bado haijapakwa rangi. Fundi Mfaume, mjenzi wa vyombo vya baharini kutoka Jibondo ambaye siku hizi alikubali na kazi za nyumba, alikuwa amelaza mbao tatu juu ya zege ili mama mwenye nyumba azikanyage na kusema ipi inampendeza. Utende nzima watu walikuwa wakiweka marumaru. Lakini Sleyum, mumewe Mwanaheri, alikuwa ameona sakafu ya mbao kwenye hoteli moja ya wageni kando ya ghuba, na tangu siku hiyo marumaru zilimtia baridi hata akiwa na soksi.

Ubao wa kwanza ulikuwa wa mvule. Mzuri, ila ulinyamaza mno. Wa pili, mninga, ulikuwa na wekundu wa kupendeza, lakini ulinung'unika kila ulipokanyagwa. Wa tatu ulikuwa wa manjano, una joto kama pahala alipotoka kulala paka. Mwanaheri alipanda juu yake, na hakutaka kushuka.

"Huu," alisema.

"Huo mfenesi," Mfaume akasema. "Hauliwi na mchwa, hauogopi maji. Lakini, mama, una mwenyewe."

Mwanaheri aliujua. Mpaka juzi ulikuwa umesimama uani, nyuma ya jiko. Kiwanja Sleyum alikinunua kwa mpwa wa Bi Zuena, ila mfenesi ulikuwa wa Bi Zuena mwenyewe, ameachiwa na bibi yake, na kila mtu kisiwani anajua kuwa ardhi yaweza kuwa ya huyu na mti ulio juu yake ukawa wa yule. Bi Zuena alikwenda pwani kufunga mwani maji yalipotoka. Aliporudi, kamba begani, alikuta mbao.

"Nilinunua kiwanja na kila kilichosimama juu yake," Sleyum alisema kutoka mlangoni. "Na huo sasa haukusimama, umelala."

Mwanaheri aliona haya. Lakini nyayo zake zilikuwa zimekwisha kuzoea lile joto.

"Weka huo huo nyumba nzima, fundi," alisema.

Msimu ulipofika, sakafu ikazaa.

Fenesi la kwanza lilichomoza karibu na friji, dogo kama kidole gumba. Mfaume aliitwa, akachutama, akalipapasa, akasema hakuna kasoro yoyote ya ufundi. Mfenesi huzaa shinani, na humu ndani hamna kitu ila shina. Alishauri sofa lisogezwe. Sofa likasogezwa. Mafenesi mengine yalitokea chini ya ukuta karibu na televisheni, mengine yakainua zulia taratibu, na wageni waliokuja kupongeza nyumba mpya walionyeshwa kwanza pa kuweka miguu, kisha wakaletewa chai.

Tabu ilikuwa kuyachuma. Sleyum alilishika moja lililonukia akalizungusha, halikutoka. Akalikata, kisu kikapinda, na ulimbo ukamwagika ukamgandisha miguu yote miwili. Alikaa pale, kati ya sofa na televisheni, hata adhana ya adhuhuri ikampita. Kwa bahati alikuwa ameelekea kibla, akasali alipo.

Mwanaheri alijitanda kanga akaenda kwa Bi Zuena, aliyekuwa akianika mwani mbele ya nyumba.

"Shikamoo, Bi Zuena."

"Marahaba, mwanangu. Umeshazaa?"

"Umezaa."

"Mwaka huu umechelewa," Bi Zuena alisema, akaingia ndani kuchukua chupa ya mafuta ya nazi.

Alimpaka Sleyum miguu mpaka ikabanduka. Kisha alipita sebuleni akiyapiga mafenesi makofi na kusikiliza. Hili bado. Hili tayari. Yaliyokuwa tayari yalijiachia yenyewe viganjani mwake, kama mtoto anavyouachia mgongo wa mama akishaamka. Akayapanga kizingitini.

"Haya yangu," alisema kwa upole.

"Yametoka ndani ya nyumba yangu, bibi," Sleyum akasema.

Wakamwita Mzee Shamte, ambaye watu wa mtaa humwendea wakitaka kusuluhishwa. Shamte alikaa, akapasuliwa fenesi, akala akifikiri, akizitema kokwa kwenye sahani. Mwisho alisema kwamba ungekuwa mti, asingekuwa na shaka, ni wa Bi Zuena. Lakini mti una majani. Hii ni sakafu, na sakafu ni ya mwenye nyumba.

"Sasa mti ukikatwa, mzee, na haki ya mtu inakatika?" Mwanaheri aliuliza.

"Fenesi lenu tamu, mama," Shamte alijibu, akaondoka na kubwa kuliko yote.

Jioni Mwanaheri alimwambia mumewe, "Baba Tasnim, mrudishie mama wa watu vitu vyake."

"Nirudishe nini? Nivunje nyumba?"

Mwanaheri alipapasa ubao kwa kiganja. Alikuwa amekaa chini, na sakafu ilikuwa na joto.

Basi ikawa ndiyo desturi. Msimu ukifika Bi Zuena huitwa, huvua viatu, huchuma, hupewa moja. Mwanaheri humchagulia lililonona, mumewe akitazama pembeni, na zaidi ya hapo hafanyi.

Ramadhani iliyofuata Sleyum aliamua kutoa sadaka. Alikwenda mwenyewe mpaka mlangoni kwa Bi Zuena, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, amekumbatia fenesi, akamkabidhi mbele ya majirani. Bi Zuena alilipokea kwa mikono miwili.

"Mwenyezi Mungu akuzidishie," alimwombea, kama inavyopasa.

Asubuhi yake chumbani kulikuwa na mafenesi manane, mawili yakiwa yameziba mlango wa msalani. Sleyum aliketi juu ya kitanda, miguu ameikunja, akamwambia mkewe afanye hima amwite Bi Zuena.

Bi Zuena alikuja na chupa yake ya mafuta, akachuma yote, akapewa moja.