Sinaloa au Nelson

Dwight Hostetler alikuwa amesoma habari za nyoka kwa bidii ambayo, kama angeiweka kwenye ndoa yake, pengine leo asingekuwa anamwona binti yake kwa zamu.

Zamu yenyewe ilikuwa wikiendi moja ndiyo, moja hapana, na siku hizi hata ile ya ndiyo ilianza kulegea. Mara Willa ana mafua, mara rafiki yake ana sherehe. Mwezi uliopita mtoto alisema waziwazi, kama watoto wa miaka tisa wanavyosema bila kumwonea mtu huruma: "Baba, kwako kunaboa." Dwight hakulala. Asubuhi akawa na jibu: nyoka. Mdogo, mwenye rangi, mpole, na ambaye mama yake Willa asingemruhusu kuvuka hata kizingiti chake. Ukitaka kumwona nyoka, njoo kwa baba.

Basi ndio hao, ndani ya ukumbi wa maonyesho wa kaunti, pale ambapo wakati wa kiangazi watu wa Ohio hushindanisha nguruwe. Leo nguruwe hawakuwepo, lakini harufu yao haikuwa na habari. Meza kwa meza zilijaa vikopo vya plastiki, kila kimoja na mtoto wa nyoka aliyejikunja, na jina la aina yake limeandikwa kwa kalamu nene juu ya kifuniko. Mbele ya Dwight kulikuwa na vikopo viwili vya nyoka-maziwa, wale ambao wakulima wa zamani waliapa kwamba wananyonya ng'ombe. Kifuniko kimoja kilisema Sinaloa. Cha pili kilisema Nelson.

"Willa, tazama," alisema Dwight. "Huyu wa Sinaloa, pete zake nyekundu ni pana. Wa Nelson zimebanana kidogo, na hakui mrefu sana. Unaona?"

Willa alikuwa anakula soseji yake na kutazama dari.

"Wanafanana."

"Hawafanani hata kidogo!"

"Baba, ni nyoka mmoja amewekwa mara mbili."

"Basi chagua mmoja."

"Chagua wewe. Si ndiwe unayewajua?"

Walikuwa wamesimama hapo tangu kabla ya chakula cha mchana. Walishaikataa aina ya Honduras, inakua kubwa mno. Ya Puebla, Willa alisema inafanana na soksi ya shangazi yake. Kila Dwight alipoeleza, mtoto alizidi kusinzia. Na kila mtoto aliposinzia, Dwight alizidi kueleza. Kipaza sauti kikatangaza kwamba ukumbi unakaribia kufungwa.

Mwenye meza, Lurleen Pruitt, mama mnene mwenye kibanio cha nywele chenye umbo la kinyonga, alikuwa amewaambia mapema: "Ukitaka kumwona vizuri, niite. Usifungue mwenyewe." Ni sheria ambayo hata mlevi huifuata kwenye maonyesho haya. Lakini Lurleen alikuwa meza ya pili akibishana na mzee mmoja juu ya chatu, na subira ya Dwight ilikuwa imeisha.

Akafungua vikopo vyote viwili. Akavisogeza pamoja, ubavu kwa ubavu.

"Haya, sasa tazama. Wekundu wa huyu..."

Mmoja akainua kichwa, akaning'iniza shingo nje ya kikopo kama abiria anayetafuta kituo chake. Wa pili naye akaona hilo ni wazo zuri. Dwight akawarudisha harakaharaka, akabamiza vifuniko, akashusha pumzi.

Kisha akaviangalia vifuniko.

"Baba," alisema Willa taratibu. "Hicho kifuniko kilikuwa cha huyu?"

"Ndiyo. Hapana. Ngoja."

"Wewe bwana!" Lurleen alikuwa amerudi. "Niambie hujafanya hicho ninachokiona."

"Nilitaka tu kuwalinganisha..."

"Jina liko kwenye kifuniko, bwana wangu! Kopo halina jina! Nyoka hana kitambulisho!" Akavaa miwani, akawainua mmoja mmoja, akahesabu pete, akahesabu tena, akaguna. "Umri huu, na kwa wazazi wao ninavyowajua, siwezi kuapa. Na nisichoweza kuapa sikiuzi kwa jina. Mtu atamnunua, atamzalisha, kesho jimbo zima lina machotara wanaosemwa wametoka kwa Lurleen. Utawachukua wote wawili."

"Nina tangi moja tu la kufugia."

"Tafuta la pili. Ukiwaweka pamoja utabaki na nyoka mmoja, ameshiba."

Willa akacheka mpaka soseji ikamponyoka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo aliinama, akaweka pua karibu na plastiki.

"Kwa hiyo hakuna anayejua yupi ni yupi?"

"Hakuna," alisema Lurleen.

"Hata baba?"

"Huyo ndiye hajui kabisa."

"Tutajuaje sasa?"

Lurleen alishusha sauti kidogo. Mtoto hakuwa na kosa. "Wakikua, mwanangu. Wa Nelson kwa kawaida hubaki mfupi. Unawapima, unaandika, unatunza ngozi wanazovua. Miaka miwili, mitatu. Labda utajua."

"Baba hawezi," alisema Willa. "Atawachanganya kabla hatujafika kwenye gari. Itabidi niwe nakuja mimi."

Dwight alifungua mdomo. Alitaka kusema kuhusu pete, kuhusu urefu, kuhusu usiku wote aliosoma, na kwamba kazi hiyo yote imekwenda na vifuniko viwili.

"Baba, nyamaza kidogo. Nawaangalia."

Akageuka, amenuna. Akaenda kuzunguka ukumbi kutafuta tangi huku watu wakikunja vitambaa vya meza, na lililobaki lilikuwa la rangi ya waridi, lina kasri la kifalme la plastiki ndani. Akalibeba kama mtu aliyebeba aibu ya mwingine.

Mlangoni Willa alikuwa na kikopo kila mkono, hakubali kupokewa.

"Wikiendi ijayo ni ya mama," alisema.

"Najua."

"Nitamwomba Jumamosi. Saa moja tu, ya kupima."

Dwight, ambaye bado hakujua amenunua nyoka gani, alisema, "Haya."