Rehani ya Nyumba ya Maan

Thuwein alikuwa amechoka kuwa mwenye nyumba. Na nyumba yenyewe, tuseme kweli, ilikuwa chumba kimoja na jiko ndani ya ghorofa la Jumeirah Lake Towers, Dubai, lakini usumbufu wake ungetosha jumba zima. Kiyoyozi kinavuja, mpangaji anapiga simu. Mpangaji kahama, chumba kimekaa wazi miezi miwili, na ada ya jengo haimngoji mtu. Basi alipostaafu na kupewa kiinua mgongo cha miaka thelathini, dirham laki moja na themanini elfu, aliapa kwamba chumba cha pili hanunui.

"Nunua deni," Aboud akamshauri. Aboud alikuwa muuza vipuri wa Ras Al Khor, mtu wa maneno laini na simu tatu. Alikuwa amemkopesha mtu, na mtu huyo kaweka rehani nyumba yake ya Unguja. Zilibaki laki mbili na arubaini elfu, analipa elfu nne kila mwezi, hajachelewa hata siku moja. Aboud alitaka taslimu. Kwa laki na themanini angemhamishia Thuwein deni zima na rehani yake. "Huna bomba la kutengeneza wala mpangaji wa kukununia," akasema. "Asipolipa, nyumba yako."

Thuwein si mjinga, msimwonee. Hati alimpelekea wakili, nyumba akamtuma mpwa wake kwenda kuitazama, na risiti akazipitia moja moja. Kilichomkaa rohoni ni jina la mdaiwa: Maan, ambaye kwa miaka ishirini walikunywa naye kahawa ya Ijumaa pale Al Rigga.

"Utamtazamaje usoni?" mkewe Ghania akamuuliza. "Na hiyo laki na themanini inayogeuka laki mbili na arubaini, mbele ya Mungu inaitwaje?"

"Biashara," akasema Thuwein, akavaa viatu vyake.

Akamwomba Aboud aendelee kupokea yeye malipo, Maan asijue lolote. Haya gani hizo, jamani. Mtu anaona haya kumdai rafiki yake, kumnunua haoni haya.

Miezi saba pesa zikaja, na Ijumaa kahawa ikanywewa. Mwezi wa nane Maan akaanguka bafuni, akafariki.

Makaburini, baada ya dua, mwanawe Zayd akasimama kusema kile ambacho wafiwa wetu wote husema. Kama kuna anayemdai baba yake, anaomba amsamehe, na asiyeweza aje kwao alipwe.

"Tushamsamehe," watu wakaitikia, kama wanavyoitikia kwenye kila maziko. Thuwein alikuwa bega kwa bega na Zayd, analia kwelikweli, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko zote. Neno lilikuwa limeshatoka alipomwona Aboud ng'ambo ya kaburi akimkodolea macho.

Mwezi ukaisha, elfu nne hazikuja. Akampigia Aboud.

"Mie nilikuwepo, bwana, nilikusikia," Aboud akamjibu. "Mie sina changu tena hapo. Zungumza na wenyewe."

Thuwein akakaa na aibu yake siku tisa. Siku ya kumi akachukua bahasha ya hati, akaenda. Hilwa, mjane wa Maan, alikuwa edani, kwa hiyo alizungumza naye kutoka nyuma ya mlango wa chumbani ulioachwa wazi kidogo. Zayd alikaa sebuleni, anazisoma karatasi kwa sauti, mama yake asikie.

"Shemeji," Hilwa akasema, "siku ile Zayd alinihadithia ulivyolia na kumsamehe baba yake. Nilifarijika sana. Sasa mambo ya mahakama siyataki. Kama ulisamehe kwa moyo, zichane hizo karatasi. Kama hukusamehe kwa moyo, niambie, nitalipa. Sitaki mume wangu alale na deni."

Thuwein aliona uchungu, akajichukia. Akakumbuka kiinua mgongo, magoti mabovu ya Ghania, na uzee wao wote uliokuwa ndani ya bahasha ile. Mtoto wa watu alikuwa anamtazama.

"Sikusema kwa moyo," akasema.

Mlangoni ukatoka mkono ulioshika mkoba. "Mpe ya mwezi huu, mwanangu," Hilwa akasema. "Tulichonacho ni ubani tu tuliopewa msibani."

Zayd akazihesabu noti juu ya meza mpaka elfu tatu na mia tano, zikaisha. Akapekua ndani kabisa ya mkoba, akatoa bahasha moja nyeupe ambayo haijafunguliwa bado. Juu yake palikuwa na mwandiko wa Ghania: Kutoka kwa Thuwein na Ghania. Mungu amsamehe Maan.

"Niifungue tuhesabu, ami?" Zayd akauliza.

"Hapana haja," akasema Thuwein. "Ni mia tano."