Droo ya Kutuliza Upepo

Mama alianguka jikoni siku ya Jumanne akiwa ameshika bakuli la tambi, na mimi habari nilizipata Alhamisi, tena kutoka kwa jirani. Nilipompigia Baba simu, alisema bakuli halikuvunjika.

Niliomba ruhusa kazini, kwenye chumba cha dawa cha hospitali moja huko Nanchang, nikapanda treni ya kurudi nyumbani Zhangshu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Mimi ni mtu wa kupanga maneno vizuri sana, halafu yakifika mdomoni yanakuta mlango umefungwa. Baba analijua hilo, na miaka yote hii amekuwa akinufaika nalo.

Nilimkuta Mama barazani kwenye kiti cha mianzi, miguu juu ya kigoda. Vifundo vya miguu vilikuwa vimeumuka kama mikate ya mvuke.

"Umekula?" akaniuliza.

"Mama, miguu imekuwaje?"

"Miguu ya uzee. Kuna tambi ndani. Nimetia pilipili kidogo tu."

Akataka kuinuka anipakulie. Aliponyanyuka alishika ukingo wa dirisha, akafumba macho, akangoja dunia itulie. Kisha akanitabasamia, kana kwamba aliyeyumba ni mtu mwingine.

"Kaa," nikamwambia. "Tafadhali kaa, Mama."

"Usimwambie baba yako. Ataongeza dawa."

Baba alikuwa sebuleni, mbele ya kabati lake. Maisha yake yote ya kazi Baba alikuwa fundi wa droo katika duka la dawa za mizizi na majani: daktari akiandika, yeye anavuta droo bila hata kutazama jina, anachota kwa vidole, anapima, anafunga karatasini. Duka lao lilipoingiza rafu za vioo na dawa za maboksi, kabati la zamani lilitaka kupasuliwa kuni, yeye akalikokota hadi nyumbani kwa mkokoteni. Likasimama sebuleni tupu, likala nafasi ya kochi. Mama aliwahi kutia karanga katika droo moja, na Baba akazitoa zote bila kusema neno.

Sasa halikuwa tupu.

"Njoo uone," alisema. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu astaafu. "Kila dawa ya nyumba hii imepata makao yake. Nimezipanga kwa kazi zake. Hii ya kufukuza baridi. Hii ya kutoa joto. Hii ya kukausha unyevu. Ile ya kutuliza upepo."

Nikavuta droo ya kutoa joto. Ndani mlikuwa na vidonge vya homa, vidonge vya koo, na dawa ya jino ambayo kaka yangu aliiacha kabla hajaoa. Vyote vilikuwa vimekatwa kimoja kimoja kwa mkasi wa kukatia mizizi, kila kidonge ndani ya kipande chake kidogo cha bati, na kila kipande kimebaki na herufi mbili tatu za jina.

"Baba, maboksi yake yako wapi?"

"Mkusanya karatasi amechukua."

"Yote?"

"Boksi ni koti. Nani anamtambua mtu kwa koti? Unamtambua kwa kazi anayofanya."

"Na tarehe za kuharibika?"

"Kitu kikiharibika kinanuka."

Nilikuwa na jibu zuri kabisa, refu, lenye mifano. Sikulitoa.

Wakati huo Mama Tu wa nyumba ya pili, yule aliyenipigia simu, aliingia bila kubisha, amebeba shada la vifurushi vya wali wa kufungwa kwenye majani. Sikukuu ya kuula wali huo ilikuwa inakaribia.

"Ahaa, msomi amerudi," alisema. "Fundi Nie, goti langu leo linalia kama mlango wa choo. Niangalizie kitu kwenye droo ya unyevu."

"Keti, dada," Baba akasema, mkono tayari kwenye droo.

"Mama Tu," nikasema, sauti yangu ndogo, "tafadhali usipokee."

"Kwa nini, mwanangu? Cha juzi kilinisaidia."

"Kilikuwa kidonge gani?"

"Cheupe."

Nikatazama ndani. Vilikuwa vyeupe vya namna tatu. Nikamwomba kwa adabu aende zahanati, nikamwomba tena, na mwisho nikaiegemea ile droo kwa mgongo ili isifunguke. Mama Tu alicheka hadi akakohoa.

"Fundi, binti yako amegeuka kufuli."

Alipoondoka, nikauliza mashine ya kupima presha iko wapi, ile ambayo kaka yangu aliwanunulia.

"Droo za chini kabisa," alisema Baba. "Vitu vizito hukaa chini. Maganda ya chaza, mawe, mashine."

Nikapiga magoti nikaitoa. Haikuwaka.

"Betri?"

"Droo ya kuongeza nguvu."

Nikadhani anatania. Nikafungua droo ya kuongeza nguvu. Betri zilikuwa zimelala humo kwa heshima kati ya vitamini na kipande cha ginsengi. Nikazichukua, nikasimama pale kidogo nikiutazama ukuta.

Presha ya Mama ilikuwa imeshuka hadi tisini na kitu, na ile namba ya chini ilinitisha zaidi. Mama huyu kwa miaka mingi presha yake ilikuwa ya kupanda. Nikapima tena mkono wa pili. Vilevile.

"Umeona?" Baba alisema juu ya bega langu. "Kizunguzungu ni upepo kichwani. Jioni nitamwongezea kutoka droo ya upepo."

"Usimwongezee."

"Na kwa miguu namchemshia nywele za mahindi zitoe maji."

"Nywele za mahindi sawa. Usimwongezee ya upepo, Baba. Presha iko chini."

"Iko chini kwa sababu upepo umeizungusha."

Hoja kama hiyo huwezi kuipiga. Haina pa kushika.

Nikavuta droo ya kutuliza upepo. Ile droo naijua tangu utotoni. Zamani ilikuwa na visehemu viwili, kimoja cha mizizi ya tianma iliyokatwa vipande vyembamba, kingine cha vijiti vyenye ndoano, na daktari yeyote wa Zhangshu akiandika cha kwanza kwa mtu wa kizunguzungu, huandika na cha pili. Sasa kisehemu kimoja kilikuwa na vidonge vyeupe vidogo vya duara, na kingine vidonge vya manjano vya pembe nane. Vyote vya presha, Mama alinieleza. Vyeupe alipewa hospitali ya hapa mjini. Vya manjano alipewa Nanchang alipokwenda kumwona mjukuu, kwa sababu alisahau vyake nyumbani.

"Na unakunywa vipi?"

"Anavyonipa baba yako. Kimoja kutoka huku, kimoja kutoka kule."

"Vyote? Kila siku?"

"Vimo droo moja," alisema Baba, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba maji ni maji.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwenye kabati la mizizi na majani, vinavyolala droo moja ndivyo vinavyoingia chungu kimoja. Ni jozi. Fundi mzuri huviweka pamoja ili mkono wake usitembee sana. Kwenye rafu zangu mimi, vinavyolala pamoja ni vile ambavyo ukishapata kimoja huhitaji kingine. Wote wawili tunapanga dawa kwa kazi zake, Baba na mimi, na upangaji wake ulikuwa unamwangusha Mama jikoni.

Nikamwaga vipande vya bati mezani. Nikaanza kutafuta herufi. Vipande vyeupe vilikuwa na jina la biashara la kiwanda kimoja, vya manjano la kingine, lakini chini ya jina la biashara huandikwa jina la dawa yenyewe kwa herufi ndogo, na mkasi wa Baba ulikuwa umelikata kila mahali. Nikaunganisha kipande na kipande. Mama alivaa miwani akanisaidia, akifurahi kama tunacheza. Baba alisimama nyuma yetu akipumua kwa pua.

"Chuoni ndivyo walivyokufundisha," alisema. "Kusoma karatasi ya bati."

"Ndiyo, Baba."

"Miaka mingapi ya kusoma bati?"

Jina lilikuwa limetimia mezani mara mbili, mstari mweupe juu, mstari wa manjano chini. Amlodipini. Amlodipini.

Nilimwambia. Nilimwambia kwa lugha ya chuoni, kwamba kiambata ni kimoja, kwamba dozi imekuwa mara mbili, kwamba kuvimba vifundo ni athari inayojulikana ya dawa hiyo. Nilisema vizuri, kwa utulivu. Baba alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Vya duara na vya pembe nane haviwezi kuwa kitu kimoja. Angalia rangi."

"Baba."

"Nimeshika dawa kabla hujazaliwa. Jioni nitamwongezea kidogo tu."

Akaenda kuwasha jiko la nywele za mahindi. Nilitaka kulia kwa hasira, na nilitaka pia kumfuata nimfunge kifungo cha shati alichokosea kukifunga. Mama aliniangalia akasema kwa sauti ya chini, "Usigombane naye. Tangu alijaze kabati hilo amerudi kuimba asubuhi. Mimi nitakunywa tu, si sumu."

"Mama, utaanguka tena. Safari ijayo utaangukia jiko."

Alikunja vidole vya miguu ile iliyovimba, na nikaona kwamba alikuwa anajua, na kwamba angekunywa hivyo hivyo.

Nikamfuata Baba jikoni. Nilikuwa nimebeba kidonge kimoja cha kila aina kiganjani.

"Baba, nikuulize swali la droo."

"Uliza."

"Ukiletewa mzizi mmoja, lakini shehena mbili. Moja ya milimani, moja ya shamba. Rangi tofauti, ukataji tofauti. Utaziweka droo moja, visehemu viwili?"

Aligeuka akanitazama kama nimetukana ukoo.

"Nani mjinga wa kufanya hivyo? Droo moja ni ya wenza. Mzizi mmoja unachagua shehena moja, nyingine unaifungia kwenye mtungi ghalani mpaka hii iishe."

"Na fundi akiziweka droo moja kwa makosa?"

"Mwanafunzi wake atachota huku na huku. Mgonjwa atakunywa maradufu. Fundi huyo anavuliwa aproni mbele ya watu."

Nikafungua kiganja.

Baba alivitazama vile vidonge viwili. Akaenda sebuleni, nikamfuata. Akainama juu ya meza, akasoma mstari mweupe kwa kidole, kisha wa manjano, herufi kwa herufi, midomo ikitembea. Akatoa kidonge kwenye bati, akakigusa kwa ncha ya ulimi kama alivyoonja kila kitu maishani. Akaonja na cha pili. Jikoni chungu kilianza kuchemka.

"Uchungu wake ni mmoja," alisema hatimaye.

Mama akainua kichwa. "Ndiyo maana nakwambia mkono wako mzito. Hata chumvi."

Baba hakucheka. Alivuta kiti akaketi upande wa Mama, akaweka mkono juu ya kifundo chake cha mguu, akakibonyeza kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Akalitazama lile shimo mpaka likajaa polepole.

"Ulikuwa unajisikia vibaya muda huu wote?"

"Kidogo."

"Na hukusema."

"Ulikuwa unaimba."

Niliondoka kwenda kuzima jiko, na nilikaa huko zaidi ya ilivyohitajika. Kisha nikampigia daktari wa Mama. Alisema jioni hiyo asipewe hata kimoja, na asubuhi aletwe.

Asubuhi, hospitali ya mji ilikuwa imejaa. Nilikuwa nimelala kidogo na nimetoa vidonge vyote vya nyumbani nikavitia mfukoni niende navyo, kwa ugomvi mkubwa, kwa sababu Baba alitaka kwanza kujua aspirini niliitoa kwenye droo gani, ya kutoa joto au ya kusukuma damu, kwani yeye alikuwa ameigawa nusu kwa nusu.

Daktari alikuwa kijana, amechoka. Kabla sijafungua mdomo Baba alisogea mbele, akaweka mezani kidonge cheupe na cha manjano.

"Daktari," alisema, "hizi mbili ni mzizi mmoja, shehena mbili. Ninyi mnawapa watu bila kuuliza ghalani kuna nini. Ni hatari. Kizunguzungu kile, mimi sikuamini ni upepo tangu mwanzo."

Nilimgeukia. Hakunitazama.

Daktari alichukua vile vidonge, akaangalia faili, akampima Mama, akasema mzee ana jicho kali, ila ingefaa wangekuja mapema zaidi. Akafuta kimoja, akapunguza dozi ya kingine, akasema miguu itapungua taratibu. Baba alikubali sifa kwa kichwa, kama mtu aliyezoea.

Tukatoka. Mama alishuka ngazi za hospitali mwenyewe, bila kushika ukuta. Baba alikuwa amemkamata kiwiko kwa mikono yote miwili.

"Niachie," Mama alisema. "Watu wanatuangalia."

"Waangalie."

"Natembea mwenyewe, mzee. Unanivuta bega."

Hakumwachia hadi barabarani.