Kiti cha Mbele

Fundi cherehani alifunga mkanda, akakunja koti lake mapajani na kusubiri ndege ipae. Alikuwa anakwenda kumpa mdogo wake figo. Vipimo vilikuwa vimekubali, daktari alikuwa anamngoja, na mdogo mtu alikuwa amevimba miguu hata viatu havimwingii.

Taa ya mikanda ilipozimika tu, bwana wa kiti cha mbele alibonyeza kitufe, akalaza kiti chake mpaka kikamgusa fundi magoti.

"Samahani, kaka," fundi alisema. "Naomba uinue kidogo, nimebanwa."

"Kwani kitufe wamekiweka cha nini, dada?" bwana yule alijibu bila kugeuka, akabonyeza tena.

Kiti kikashuka zaidi. Kwa kuwa nafasi ilikuwa imepungua, fundi naye akapungua. Kwanza miguu iliacha kugusa sakafu. Kisha mikono ya sweta ikameza viganja vyake. Mhudumu alipopita na chai alimkuta ana kimo cha mtoto wa chekechea, akamletea mkanda wa watoto.

"Mwambie ainue kiti," fundi alimwomba. "Nikizidi kupungua, mdogo wangu atakufa."

"Pole sana, mama. Kulaza kiti ni haki ya abiria. Na wewe laza chako."

Fundi aligeuka. Nyuma yake alikaa mzee mwenye mguu wa plasta, hana pa kuupeleka. Akaacha kiti chake kama kilivyo. Alisimama juu yake, akapiga ngumi mgongo wa kiti cha mbele hadi vidole vikachubuka. Bwana yule alihisi kitu kinamtekenya, akabonyeza tena, akalala fofofo.

Walipokaribia kutua bwana yule aliinua kiti kama alivyoagizwa. Alijinyoosha, akachukua begi lake, akashuka akipiga mluzi. Fundi alikuwa amebaki na kimo cha kikombe. Mzee wa plasta alimfunga kwenye leso, akamtia kwenye mfuko wa shati na kwenda kumkabidhi kwa mke wa mdogo wake, aliyekuwa akisubiri nje.

"Wifi, umepungua," alisema yule mke, machozi yakimlengalenga.

"Tulibanana."

Hospitalini daktari alimpima juu ya sahani ya chuma. Alisema figo ni nzima, safi kabisa, ila ni kama punje ya mchele. Fundi alimsihi atoe zote mbili. Daktari alitikisa kichwa, akaenda kunawa mikono.

Walimlaza kwenye mto wa mdogo wake, karibu na sikio, ili asilazimike kupaza sauti.

"Dada," mgonjwa alinong'ona, "si ungepiga kelele?"

"Nilitaka. Watu walikuwa wamelala."

Mdogo wake alifumba macho. Kisha, kwa nguvu kidogo alizobakiwa nazo, akajisogeza ukingoni mwa kitanda ili dada yake apate nafasi.