Injini ya Sista

Watu wa Utemini, mjini Singida, walikuwa wamezoea kuwacheka Antipasi na Zefania, na wao walikuwa wamezoea kuchekwa. Wazee wazima, wastaafu, mmoja alikuwa fundi mitambo wa yadi ya serikali, mwingine fundi bodi na rangi, wanashinda bandani wakisugua vitrekta vidogo ambavyo havikuwahi kumlimia mtu hata tuta moja.

"Si mvifunge jembe vikalime?" jirani angeuliza.

"Kwani saa yako ya ukutani inalima?" Zefania angejibu, bila kuinua kichwa.

Vilikuwa vitano. Vitrekta vya bustani, kimo chake hakizidi cha punda, vya kukaliwa na mtu mmoja. Wamisionari na walowezi walivileta zamani kwa kulimia mboga na kukatia majani, kisha vikafa, vikaota kutu nyuma ya maghala. Cha kwanza walikikuta mwaka 2011 kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kikingoja kukatwakatwa. Zefania alikizunguka mara tatu, akagonga boneti kwa kidole, akasema, "Huyu hajafa. Kazimia tu." Wakakivuta hadi nyumbani kwa mkokoteni wa punda. Mwaka mmoja na ushee baadaye kilinguruma, kijani kibichi kama jani la mtama mchanga, na tangu siku hiyo wale wawili hawakupona tena ugonjwa huo.

Kila Agosti walivipakia kwenye Fuso na kuvipeleka maonyesho ya Nane Nane, Nzuguni, Dodoma. Walipewa kona ya mbali, jirani na vibanda vya chakula, na hawakulalamika. Mwaka mmoja babu mmoja kutoka Manyoni alisimama mbele ya kile cha kijani, akavua kofia, akasema, "Hiki nilikiendesha mimi nikiwa kijana," kisha akalia waziwazi mbele ya watu. Zefania alilisimulia jambo hilo miaka mitatu mfululizo.

Kazi walikuwa wamegawana bila kugawana. Mikono ya injini ilikuwa ya Antipasi. Rangi na masikio yalikuwa ya Zefania. Ajabu ni kwamba fundi rangi yule hakuwahi kufungua kabureta maishani mwake, lakini injini ikiwashwa alifumba macho, akainamisha shingo kidogo, akasema, "Vali inachelewa," au, "Kuna boliti inacheza huko chini." Antipasi alibisha mara nyingi miaka ya mwanzo. Baadaye aliacha, maana kila alipofungua alikuta ni kweli.

Cha tano walikiita Sista, kwa sababu kilitoka kwenye bustani ya masista huko Iramba. Kilikuwa kizuri kuliko vyote, ila hakikuwa na injini. Mlinzi wa zamani wa masista aliwaambia iling'olewa miaka mingi nyuma ikapelekwa Sekenke kwa wachimba dhahabu. Wakapanga kuifuata pamoja. Masika ikapita, wakasema baada ya mavuno. Mavuno yakapita, wakasema baada ya Nane Nane. Ndivyo ilivyokuwa, hadi mwezi wa pili wa mwaka mmoja, asubuhi, Zefania alipoanguka bandani akikoroga rangi nyekundu ya Sista.

Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia pamoja na ulimi. Walipomrudisha kutoka hospitali, alilazwa chumba cha mbele, na mkewe Ritha akawa ndiye mikono yake na mdomo wake.

"Anasikia?" Antipasi aliuliza siku ya kwanza.

"Anasikia vizuri tu, shemeji. Hata mlango wa jirani ukilia anageuka."

Antipasi akaketi kitandani, akaushika ule mkono wa kushoto uliobaki mzima. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akasema, "Ndugu yangu, nakwenda Sekenke. Injini nitaileta, nitaifunga, na utaisikia." Zefania akamkazia macho, akambana vidole kwa nguvu iliyomshangaza.

Mwezi wa nne akapanda basi hadi Misigiri, na kutoka hapo akachukua bodaboda hadi machimboni. Kabla hajaona kitu, aliisikia. Kati ya kelele za dizeli za makarasha ya kusagia mawe, kulikuwa na sauti moja ya petroli, ya zamani, yenye pistoni moja, inapiga, inakohoa, inavuta pumzi, inapiga tena. Alimshika bega kijana wa bodaboda. "Nishushe hapa hapa."

Mwenye karasha alikuwa Leonidas, mtu wa miaka arobaini hivi, nyusi zake nyeupe kwa vumbi la mawe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeifuata hiyo injini."

Leonidas alicheka, akidhani ni mzaha. Antipasi akapiga magoti kwenye vumbi, akafuta kibati cha shaba ubavuni mwa injini, akasoma namba. Kisha akatoa karatasi mfukoni, namba ileile iliyonakiliwa kutoka kwenye fremu ya Sista. Akaeleza yote: bustani ya masista, vile vitrekta, Zefania kitandani. Leonidas aliacha kucheka. Akawatazama wenzake wawili waliokuwa wakimwaga mawe, akaisikiliza na injini yenyewe.

"Mzee, sitakudanganya," alisema. "Hii ndiyo inayotulisha. Lakini nimeagiza injini ya dizeli kutoka Kahama, inakuja mwisho wa mwezi ujao. Ikifika tu, hii yako. Chukua bure. Kwangu itakuwa kopo tupu."

Jambo lilikuwa limekwisha. Antipasi angeweza kuaga na kwenda zake, na mara nyingi baadaye alijiuliza kwa nini hakuaga. Lakini ile injini ilikuwa inakohoa. Ilikuwa inateseka mbele yake, na yeye kwa miaka arobaini hakuwahi kuipita injini inayokohoa.

"Nipe bisibisi," alisema.

Wakaizima. Akasafisha plagi, akafungua kabureta na kuiosha, akarekebisha gavana, kidhibiti mwendo kilichokuwa kimelegea, akabadilisha oili iliyokuwa nyeusi kama lami. Alipoivuta kamba ilishika mara moja, ikapanda, ikatulia kwenye sauti moja iliyonyooka. Wale wamwaga mawe wakapiga mayowe. Leonidas akamkumbatia.

"Mzee, umeifufua!"

"Msiizidishie," Antipasi alisema. "Ifanye kazi saa nne mfululizo, kisha ipumzike. Ni bibi huyu, si msichana."

"Tumekuelewa, mzee wangu."

Alirudi Singida akiwa mwepesi. Alimsimulia Zefania kila kitu, hata ile sauti aliiigiza kwa mdomo mpaka Ritha akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mwezi wa pili.

Mwisho wa mwezi wa tano akaenda tena. Safari hii bodaboda ilifika hadi pale pale karashani na hakusikia chochote. Leonidas alikuja kumpokea njiani, macho yake yapo chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Iko wapi?"

Ilikuwa chini ya turubai. Antipasi alifunua, akachuchumaa, akakaa hivyo muda mrefu. Konrodi, mkono wa pistoni, ilikuwa imekatika na kutoboa bloku, mwili wenyewe wa injini. Tundu lake lilimeza ngumi nzima ya mtu, na ufa ulikuwa umepanda hadi kwenye silinda.

"Tulipata mwamba mzuri," Leonidas alisema nyuma yake. "Mzigo ukawa mkubwa. Tukasema tusiizime mpaka uishe."

"Nilikwambia saa nne."

"Ulisema, mzee. Sikatai." Kisha akasema kwa upole, bila nia ya kumuumiza, "Zamani ilikuwa inachoka yenyewe. Ikianza kukohoa tunajua imechoka, tunaizima. Ulipoitengeneza haikukohoa tena. Hatukujua tuizime lini."

Antipasi akainuka, akaomba gunia. Wakamsaidia kuifunga humo, na njia nzima ndani ya basi aliiweka miguuni, akiigusa kwa kisigino kila gari liliporuka shimo.

Mafundi watatu wa mjini waliitazama. Wawili walikataa kuigusa. Wa tatu, Gaspari, aliyekuwa na jina kubwa kwa kuchomelea, alijaribu siku mbili. Kila alipoziba upande mmoja, joto lilipasua upande mwingine. Mwisho alizima mashine yake, akasema, "Mzee, chuma hiki kimechoka kuwa chuma. Kizike."

Nyumbani kwa Zefania, Ritha alikuwa akisubiri. "Shemeji, kila siku anageuza shingo kuangalia mlangoni. Anakusubiri wewe na hicho kitu chenu. Daktari anasema moyo wake hauna nguvu. Nitamwambia nini?"

"Mwambie imefika," Antipasi alisema, na alishangaa jinsi neno lilivyotoka kirahisi.

Akanunua injini ya pampu ya kumwagilia bustani, mpya, nyepesi, ya plastiki nusu. Akatengeneza vishikio, akaifunga ndani ya Sista, akaifunika kwa boneti. Rangi nyekundu aliipaka mwenyewe, na mkono wake ukaacha michirizi ambayo Zefania asingeivumilia hata dakika moja. Alijiambia kwamba mtu mgonjwa hasikii kama mzima. Alijiambia pia kwamba furaha ya siku moja si dhambi.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita wakamtoa Zefania nje kwa kiti, Ritha upande huu, bintiye Eliana aliyekuja kutoka Manyoni upande ule. Wakamfunika shuka miguuni. Sista alikuwa uani, mwekundu, akimetameta juani. Zefania alimwona, na ile nusu ya uso iliyobaki hai ikacheka. Kila mtu pale aliona. Antipasi naye aliona, na kwa kitambo aliamini alichokifanya.

Akavuta kamba. Injini ikashika, ikalia ule mlio wake mwembamba wa haraka.

Zefania akafumba macho. Akainamisha shingo.

Alisikiliza kama pumzi tano hivi. Kisha akafumbua macho, na hakumtazama Sista, alimtazama Antipasi. Akainua mkono wa kushoto, akaugeuza mara moja kama mtu anayefunga bomba. Zima.

Antipasi akazima. Uani pakawa kimya hata kuku walisikika wakiparua.

"Vipi, baba?" Eliana aliuliza. "Hukuipenda?"

Zefania akaonyesha mlango wa nyumba. Wakamrudisha ndani.

Jioni ile Antipasi aliingia peke yake, akaketi palepale kitandani, akasema ukweli wote. Alisema juu ya bisibisi, juu ya mwamba mzuri, juu ya gunia. Alisema, "Niliiua mimi, ndugu yangu. Wao walikuwa wameitunza miaka yote na kukohoa kwake. Mimi ndiye niliyeiua." Zefania alikuwa ameelekea ukutani. Antipasi aliushika ule mkono wa kushoto. Haukumbana, wala haukujitoa. Ulikaa tu, kama kitu kilichowekwa pale na mtu mwingine.

Alikwenda tena kesho yake, na keshokutwa, na kila alipokwenda alimkuta amelala. Siku ya nne Ritha alimwambia mlangoni, kwa aibu, "Shemeji, alikuwa macho sasa hivi."

Mwezi wa saba Eliana akamchukua baba yake pamoja na Ritha kwenda Manyoni, akaishi nao huko karibu na hospitali. Antipasi alisaidia kumpakia garini. Alimwinua kwa makwapa, uso kwa uso, akanusa sabuni na dawa mwilini mwake, akamkalisha. "Safari njema," alisema. Zefania alitazama mbele, kwenye kioo cha gari.

Agosti Antipasi alikwenda Nzuguni na vile vinne. Alimwacha Sista bandani, amefunikwa. Mwaka huo walimweka nyuma ya wauzaji wa mashine mpya waliokuwa na spika kubwa, na watu waliofika konani kwake ni wale waliokuwa wakitafuta choo. Mama mmoja mwenye daftari alisimama kwa kile cha kijani, akauliza rangi ile ilichanganywaje hata ikafanana na ya kiwandani. Antipasi alifungua mdomo, akaona hajui. Miaka yote hajawahi kuuliza. "Mwenzangu ndiye anayejua," alisema. "Yuko wapi?" mama akauliza. "Manyoni," akajibu, na mama akaandika hivyo.

Wiki ya pili baada ya kurudi alimpigia Ritha simu. Aliuliza hali, akaambiwa ni ileile. Akauliza kama Zefania yupo karibu.

"Niko naye hapa, shemeji."

"Mwekee simu sikioni. Usiseme kitu. Mwekee tu."

Akaiweka simu yake juu ya kiti cha kile cha kijani, kile chenye injini yake halisi, akavuta kamba. Kilinguruma kwa mvuto wa pili. Antipasi alisimama kando, mikono nyuma, kama mtu aliyesimama kanisani. Akakiacha kipige dakika nzima, akakipandisha kidogo, akakishusha. Akakiacha tena. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano hakufikiria Sekenke.

Alipozima na kuchukua simu, ilikuwa imekatika. Akapiga, haikupatikana. Akapiga tena hadi giza likaingia.

Ritha alimpigia yeye asubuhi.

"Samahani, shemeji, mtandao huku unasumbua."

"Alisikia?"

"Alikuwa amelala, shemeji. Alipitiwa na usingizi kabla hujawasha. Nikaona nisikukatize."

"Hakuna neno," Antipasi alisema. "Msalimie akiamka."

"Zimefika."

Akaweka simu mfukoni, akaenda bandani. Akavivuta vyote vinne hadi ukutani, kimoja nyuma ya kingine, akatoa petroli yote ndani ya dumu ili isiozee kwenye matangi, akavifunika. Mwaka uliofuata watu wa maonyesho walipompigia kuuliza kama waandike jina lake, aliwaambia wampe kona ile mtu mwingine.